Tazama Tena kwa Jicho Lililokomaa

Wengi wetu tuliziona filamu za James Bond katika mabanda ya video, tukashangilia risasi na magari. Leo nakuomba uzirudie zile tano za Daniel Craig, kuanzia Casino Royale ya 2006 hadi No Time to Die ya 2021.

Mara ya kwanza tulimwona mpelelezi asiyeshindwa. Mara ya pili tunamwona mtu anayelipia kazi yake kwa machozi: mpenzi wake Vesper anakufa maji Venice, bosi wake M anafia mikononi mwa Bond katika Skyfall, na mwishowe Bond mwenyewe anakubali kufa ili asimdhuru binti yake mdogo. Huo ni ujasiri wa mzazi, nao unazidi bastola.

Lakini kurudia kunafichua kasoro pia. Casino Royale inatuonyesha kambi ya waasi msituni, na maandishi yanasema ni Mbale, Uganda. Mbale ni mji wa biashara chini ya Mlima Elgon; vita vya waasi vya miaka ile viliwatesa hasa watu wa kaskazini, Gulu na Kitgum. Na Madagaska tunayoiona humo ilipigwa picha Bahama. Bara letu limefanywa pambo.

Basi mzazi mwenzangu, mwanao akiwasha filamu, kaa naye. Mwulize: nani amesimulia, na ametusimulia kwa haki? Kuburudika ni halali. Kuamini bila kupima ni hasara.