Haki ya Mzee Aliyepotewa na Kumbukumbu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Enyi Waislamu wa Utemini, mjini Singida, na ndugu zao wa pwani! Sura ya An-Nahl imetaja hali ya mzee ambaye umri humpokonya elimu aliyokuwa nayo. Basi mzee apoteaye njia ya nyumbani kwake, au amwulizaye mwanawe jina, si mchawi, wala hakurogwa. Ni maradhi ya ubongo; tabibu wa Kijerumani, Alois Alzheimer, alieleza aina yake moja mwaka 1906.

Katika madhehebu ya Shafii, aliyeondokewa na akili hana sala juu yake, wala saumu, wala kadha. Akizindukana katika wakati wa sala, na aongozwe asali. Lakini mali yake ina haki: msimamizi huitolea zaka, wala si halali kwa warithi kuigawa naye yu hai.

Na nafaka ya mzazi fakiri ni wajibu wa watoto wenye uwezo, wa kiume na wa kike. Lakini tazameni majumbani: wanaume huenda dukani, na mzigo wote huachiwa mkaza mwana, usiku na mchana. Naye halazimiki kisharia kumtumikia baba wa mumewe. Akitumika ni hisani yake, na hisani hailipwi kwa makaripio. Mwenye wajibu ni mwana.

Mkoa wa Singida una makazi ya wazee ya Serikali huko Sukamahela, wilaya ya Manyoni. Lakini mwenye watoto hastahili kutupwa. Ulaya ziko nyumba za mchana: mzee hupelekwa asubuhi, akalishwa, akazungumzishwa, akarejeshwa jioni, na mlezi wake akapumzika. Jambo hili halihitaji jumba. Yatosha baraza moja mtaani, mkeka, uji, na watu wawili wa zamu. Wanaume kwa wazee wa kiume, wanawake kwa wazee wa kike. Na asomewe Kurani, kwani mara nyingi aliyesahau jina la mwanawe bado huikumbuka Fatiha.

Ewe mwana! Ulipokuwa hujui kitu, yeye hakukufungia mlango. Usimfungie.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wa Waislamu, na awape nguvu wawaleao. Amin.