Kifaa Kipya Hakijaribiwi Mteremkoni

Vijana wangu wa Bukoba na Muleba, neno hili nimelisema mpaka sauti imenikauka, na leo nalirudia kwa sababu bado nawaona. Kijana ananunua magurudumu mapya Ijumaa jioni, anayafunga usiku kwa mwanga wa simu, na kesho yake alfajiri yuko kwenye mteremko wa Nyangoye, ameinamia usukani, anashuka kwa kasi yake yote. Hajatazama raba za breki zinashika wapi kwenye ringi mpya. Hajui kama tairi imekaa vizuri pande zote. Anachojua ni kwamba baiskeli imekuwa nyepesi. Kaeni kidogo, wanangu, mnisikilize.

Mimi sipingi vifaa vipya. Watu wa mkoa huu wamekuwa wakizibadilisha baiskeli zao tangu ujana wetu. Phoenix ya Kichina haikutoka dukani ikiwa tayari kubeba mikungu ya ndizi au gunia la kahawa kwenye milima yetu. Mafundi waliongeza vyuma kwenye foki ya mbele, wakachomelea keria nzito na kukaza spoki upya. Raleigh ya Uingereza nayo ilipita mikononi mwao vilevile. Lakini kila walichobadilisha kilikuwa na sababu yake: mzigo, mlima au matope. Mwenye baiskeli aliijua shida yake kabla hajafika kwa fundi. Ninyi mnanunua kifaa kwanza, halafu ndipo mnatafuta kitamfaa nani na wapi.

Najua moto huu umewashwa na nini. Septemba 2025 mashindano ya ubingwa wa dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, ng'ambo tu ya Rusumo. Wanaume walikimbia zaidi ya kilomita 260 wakipanda na kushuka vilima, na Tadej Pogačar wa Slovenia akatwaa ubingwa. Waliofika mwisho walikuwa 30 tu, wengine wote waliishia njiani. Mlifurahi, nami nilifurahi. Ila nawaomba mkumbuke mambo ambayo kamera haikuyaonyesha sana. Barabara zilikuwa zimefungwa. Nyuma ya waendeshaji kulikuwa na magari yenye baiskeli za akiba. Kabla ya mbio, fundi alikuwa amegusa kila bolti, na mwendeshaji alikuwa amezoea tandiko, viatu na usukani wake kwa muda mrefu. Ninyi nyuma yenu kuna Fuso lililojaa ndizi, ubavuni kuna bodaboda, na mbele kuna mama anavuka na mtoto mgongoni. Barabara ya Bukoba kwenda Muleba ni ya watu wote.

Barabara yenyewe mnaijua. Ni kilomita kama 70, kupitia Kyetema, Kanazi, Kemondo na Muhutwe, na mwenye kiburi cha miguu anaiacha lami kuu pale Muhutwe akapanda kwenda Kamachumu. Kule juu kuna baridi na ukungu. Bukoba ni miongoni mwa miji ya Tanzania inayopata mvua nyingi zaidi, kama milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi hutoka ziwani alfajiri, saa zilezile mnazopenda kutoka. Kwa hiyo kifaa chochote mnachofunga, ulizeni kwanza kitafanya nini kikilowa.

Ndiyo maana naanza na breki, na hapa nitakaa kidogo.

Wale waliokua na Phoenix wanakumbuka ringi ya chuma iliyong'arishwa ilivyokuwa ikikataa kushikwa mvua inaponyesha. Ringi ya alumini ni bora, lakini nayo ikilowa huchelewa. Raba inapaswa kwanza kufuta maji, kisha ndipo ishike. Kwa hiyo mteremko ukiwa na maji, gusa breki kidogo mapema ili ringi ikauke, punguza mwendo kabla ya kona, na uingie konani ukiwa umekwisha kupunguza. Ringi za kaboni zina raba zake maalumu. Ukiziwekea zile zilizokuwa kwenye alumini, utaziharibu, kwa sababu vipande vidogo vya alumini hujificha ndani ya raba na kuikwangua kaboni. Breki za diski ni nzuri sana kwa mvua yetu, na kwa hilo nawaunga mkono. Lakini pedi mpya za diski hazishiki vizuri siku ya kwanza. Zinataka kuzoeshwa mahali tambarare: unaenda kwa kasi ya kati, unapunguza bila kusimama kabisa, unarudia hivyo mara nyingi mpaka uhisi zinauma. Na mafuta ya cheni yasiguse diski hata tone moja. Tone hilo utaliona likikusaliti Muhutwe.

Waya wa breki uliokatika nyuzi mbili tatu kwenye kichwa cha mkono wa breki usiutazame ukaondoka. Ubadilishe. Waya ni bei ndogo kuliko karibu kila kitu mnachokitamani.

Jambo la pili ni hili: badilisheni kitu kimoja, kisha mwende nacho njia mnayoijua. Kijana akibadilisha tandiko, viatu na urefu wa usukani kwa siku moja, goti likianza kuuma akiwa Kemondo hatajua amlaumu nani. Tandiko linapandishwa milimita tatu au nne, kisha mwili unaachiwa siku kadhaa uzoee. Viatu vya kunasa kwenye pedeli navyo vina ada yake. Vinataka mtu ajifunze kunasa na kunasua kwenye majani, uwanja wa shule unatosha, mpaka mguu ufanye wenyewe bila kufikiri. Na chuma cha chini ya kiatu kikikaa kimepinda kidogo tu, goti linalipa kwa maelfu ya mizunguko kabla hujafika Muleba. Hata chakula ni hivyohivyo. Vile vifuko vya sukari nzito mnavyoletewa, vijaribuni siku ya safari fupi. Tumbo lililozoea ndizi halilazimishwi katikati ya mlima.

Sasa gia, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Baiskeli nyingi za mashindano za mtumba huja na meno 53 na 39 mbele, na nyuma jino kubwa kabisa ni 25. Zilikatwa kwa ajili ya miguu ya watu wanaolipwa kuendesha. Ukiwa kwenye 39 na 25, mzunguko mmoja wa pedeli unakusukuma mita tatu na robo hivi. Ukiwa na 34 mbele na 32 nyuma, mzunguko huohuo unakusukuma mita mbili na robo. Ile mita moja ya tofauti ndiyo inayoamua kama utaumaliza mlima wa Kamachumu umekaa kwenye tandiko au utashuka uisukume baiskeli huku moyo unakupiga masikioni. Hakuna aibu katika gia nyepesi. Lakini kabla hujanunua seti ya nyuma yenye 32, muulize fundi kama ule mkono unaohamisha cheni utaifikia. Mikono mingi mifupi ya zamani huishia meno 27 au 28. Ukilazimisha, cheni itajivuta, na siku moja mkono utaingia kwenye spoki. Cheni nayo lazima iwe ndefu vya kutosha kwa meno hayo makubwa.

Cheni mnaisahau kwa sababu haing'ai. Chukueni rula. Cheni mpya, ukipima kutoka katikati ya pini moja, pini ya kumi na mbili baada yake za aina ileile iko kwenye inchi 12 kamili. Ikisogea mbele kwa moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imekwisha, ibadilishe nawe utayaokoa meno. Ikifika moja ya nane, hata meno yameshaliwa, na cheni mpya utakayoweka hapo itaruka utakapokanyaga kwa nguvu. Isafisheni kwa mafuta ya taa na kitambaa, ikauke, kisha mafuta kidogo ndani ya kila pini na kufuta yaliyobaki nje. Oili chafu ya gari msiitumie, ina unga wa chuma ndani yake, na vumbi letu jekundu hunata humo likawa msasa.

Kuhusu uzito, nisikilizeni kwa upole. Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 80, kuondoa nusu kilo kwenye baiskeli kunampunguzia takriban sekunde 10 katika mlima wa nusu saa. Nusu kilo hiyo ni sawa na maji ya nusu lita kwenye chupa. Kijana asiye na taa ya nyuma, anayetoka saa kumi na moja alfajiri kwenye ukungu, akatumia akiba yake kununua bomba jepesi la tandiko, huyo ananiumiza roho. Nunueni taa. Nunueni koti la rangi kali ambalo dereva wa lori ataliona kabla hajafika kwenu.

Tairi pia zimebadilika, na katika hili mambo mapya ni mema kweli. Zamani wakimbiaji waliamini tairi nyembamba ya milimita 23 iliyojazwa upepo mpaka ikawa kama jiwe ndiyo yenye kasi. Leo mabingwa wa dunia wanatumia milimita 28, 30, hata zaidi, na upepo kidogo kuliko zamani, kwa sababu tairi pana inameza mashimo na kushika lami vizuri. Kwa barabara zetu hiyo ni rehema. Ila pimeni nafasi ya fremu na breki kabla ya kununua, maana fremu nyingi za zamani hazipitishi zaidi ya 25, na tairi inayosugua fremu itaila kidogokidogo bila wewe kusikia.

Fremu za kaboni za mtumba, waitu, tahadhari. Chuma kikipata ufa mara nyingi huonyesha kutu au kupinda. Kaboni inaweza kuficha jeraha chini ya rangi mpaka siku ya kuvunjika. Kagueni kwa mchana mweupe, hasa kwenye foki na shingo ya usukani, na kazeni bolti zake kwa spana yenye kipimo, si kwa nguvu ya mkono. Helmeti ya mtumba mimi siishauri kabisa. Povu lake la ndani limetengenezwa lisagike mara moja tu ili kichwa kisisagike, na ukiwa sokoni huwezi kujua kama mara hiyo imekwisha kutumika.

Mnaniambia mzee anaogopa. Basi tazameni walionizidi mimi na ninyi. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafundwa na David Kinjah kule Kikuyu, akaja kushinda Tour de France mara nne. Tarehe 12 Juni 2019, huko Ufaransa, alikuwa akiikagua njia kabla ya mbio za kushindana na saa. Akaachia mkono mmoja afute pua. Upepo ukampiga ubavuni, akagonga ukuta kwa kasi ya zaidi ya kilomita 50 kwa saa, akavunjika paja, kiwiko na mbavu. Mnaotamani ringi za kaboni zenye kina kirefu, kumbukeni upepo wa ziwa pale Kemondo: ringi ile hukamata upepo wa pembeni, na ya mbele ndiyo inayouvuta usukani. Anzeni na ringi fupi. Na Suleiman Kangangi, Mkenya aliyewainua vijana wengi wa Afrika Mashariki katika mchezo huu, alifariki Agosti 2022 katika mbio za barabara za changarawe kule Vermont, Marekani, baada ya kuanguka akiwa kwenye kasi kubwa. Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mzima katika kazi hii, mwenye ujuzi, na bado lilitokea.

Kinjah, katika kikundi chake cha Safari Simbaz, huwafundisha vijana kutengeneza baiskeli pamoja na kuziendesha. Hilo ndilo ninaloliona limepungua kwenu. Mnajua majina ya vifaa vyote na bei zake, lakini gurudumu likiyumba mnasubiri mtu wa kulinyoosha. Jifunzeni kuziba pancha, kunyoosha ringi, kubadilisha waya na kuweka goroli. Mkono uliowahi kufungua habu unajua kifaa kipi kinahitajika na kipi ni tamaa.

Nimechoka kwenda hospitali kuwaona wenzenu. Jumamosi hii, kabla ya kupanda kwenda Kamachumu, kila mmoja wenu akague breki na waya zake, abadilishe zilizokwisha, na azijaribu kwenye barabara tambarare. Asiye na spana au asiyejua pa kuanzia aje kwangu Ijumaa mapema, kabla giza halijaingia, tutafanya pamoja.