Kukesha Karibu na Mtoto Mgonjwa

Leo twataka kuwaza pamoja nanyi juu ya jambo la nyumbani, dogo machoni pa watu, lakini kubwa mbele ya Mungu. Mtoto wa miaka miwili ameshikwa na mafua makali, ambayo wengi huku Kabongo huyaita gripe. Mwili wake wawaka moto, akohoa, akataa bukari, ataka kubebwa tu. Mama amekaa naye usiku kucha. Asubuhi jirani apita na kuuliza: "Mama, umemfanyia mtoto nini?" Naye ajibu: "Sikufanya kitu, nimekaa naye tu." Swali letu ni hili: Je, ni kweli kwamba mama huyo hakufanya kitu?

Yafaa kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Gripe haitoki kwa upepo, wala kwa jicho la mtu. Yaletwa na kijidudu kidogo mno kinachoitwa virusi, ambacho wataalamu wa Uingereza walikitambua kwa wagonjwa mwaka 1933. Hupita kutoka mtu kwa mtu kwa kukohoa, kwa kupiga chafya na kwa mikono isiyonawiwa. Usiku wa Juni na Julai, baridi inapotukusanya sote katika nyumba moja karibu na moto, hapo chapata njia nyepesi. Wazee wetu waliijua kwa uchungu. Mwaka 1918, mwaka ule ule reli ilipofika Bukama, homa kubwa iliyoua mamilioni ya watu duniani iliingia Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ikisafiri pamoja na abiria waliotoka kusini.

Siku hizi twajua kwamba watoto wengi wenye gripe hupona kwa muda wa juma moja, miili yao ikipigana yenyewe. Dawa za kuishambulia virusi hiyo ni chache, na kwa kawaida hazimfikii mtoto wa kijijini. Basi mzazi huambiwa: mtunze, mwangalie. Na hapo ndipo moyo wake hujaribiwa, kwa maana kuna njia mbili za kukosea.

Njia ya kwanza ni ya mwenye hofu. Huyu hawezi kuvumilia kukaa bila kutenda. Falanga za mwisho azipeleka sokoni kununua vidonge vya rangi mbili visivyo na karatasi wala jina. Atafuta mtu wa kumdunga mtoto sindano. Amtia maji ya mitishamba kwa njia ya haja kubwa, mpaka mtoto aliyekuwa na homa, sasa ana homa na kuhara pamoja. Lakini antibiotiki, hata zile zilizo njema, haziui virusi. Aspirini nayo yaweza kumletea mtoto mwenye gripe ugonjwa mbaya wa ubongo na ini. Wala hatumcheki mzazi huyo, maana apenda. Twamwuliza tu kwa upole: Dawa hizi zote, ulizitafuta ili kumponya mtoto, au ili kutuliza hofu yako mwenyewe?

Njia ya pili ni ya mvivu, nayo mara nyingi huvaa nguo ya dini. Asema: "Ni mafua tu," au: "Mungu akipenda atapona." Kisha aenda zake. Maneno ni ya imani, lakini miguu ni ya uvivu. Nchini kwetu homa ya mtoto mdogo haiwezi kuitwa gripe kwa kuangaliwa usoni tu. Yaweza kuwa malaria, na malaria huua mtoto kwa siku chache. Tena mara nyingine magonjwa mawili hukaa katika mwili mmoja. Mwishoni mwa mwaka 2024, huko Panzi katika jimbo la Kwango, watu walishikwa na ugonjwa wenye homa, kikohozi na mafua. Hata tarehe 5 Desemba wagonjwa 406 walikuwa wamehesabiwa, na 31 kati yao walikufa, wengi wao wakiwa watoto wadogo. Dunia yote iliuliza ni ugonjwa gani mpya. Wataalamu walipopima, hawakuona ugonjwa mpya: waliona malaria, waliona virusi za kifua zinazojulikana, na gripe ikiwa mojawapo, zikiwapata watoto waliokwisha kudhoofishwa na njaa. Kila ugonjwa peke yake ulijulikana. Kukutana kwao kulileta kilio.

Kati ya njia hizo mbili kuna njia ya busara. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba busara huongoza fadhila nyingine zote, kwa kuwa ndiyo inayojua namna ya kutenda lililo jema hapa na sasa. Mwenye busara hafanyi mengi wala machache, ila lile lipasalo. Katika ugonjwa huu, lile lipasalo laitwa kukesha.

Kukesha maana yake nini? Si kukaa bure. Homa ikianza, anayekesha ampeleka mtoto dispanseri siku ile ile, wampime damu ya kidole. Mtoto asiyetimiza miezi miwili akiwa na homa, hangoji hata saa moja. Nyumbani ampa ziwa mara kwa mara, au maji safi na uji mwepesi kwa kijiko, kidogo kidogo, bila kumbana pua wala kumlazimisha. Amvalisha nguo nyepesi, hamfuniki mablanketi ya kumpikia mwili. Amweka mbali na moshi wa jiko. Parasetamoli ampa kwa kipimo cha uzito wake, kama alivyoambiwa na munganga, wala haongezi kwa sababu ya haraka.

Tena ahesabu. Mtoto akiwa ametulia, atazama kifua chake kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 hata 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Kwa mtoto wa mwaka 1 hata 5, pumzi 40 au zaidi. Akiona hivyo, au sehemu ya chini ya kifua yaingia ndani mtoto avutapo pumzi, au mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, au atapika kila kitu, au ashikwa na degedege, au haamki vizuri, basi kukesha kwamalizika na safari yaanza, hata ikiwa ni usiku. Ndiyo maana twasema: anayekesha ana macho yaliyo wazi na miguu iliyo tayari. Mama yule aliyesema hakufanya kitu, huenda usiku ule alifanya kazi kubwa kuliko mtu yeyote kijijini.

Lakini mbona twasema "mama" tu? Na baba yuko wapi? Wengine hudhani kwamba kulea mgonjwa ni kazi ya wanawake, na kazi ya baba ni kuuliza habari asubuhi. Mtoto ni wa wote wawili mbele ya altare. Baba aweza kuhesabu pumzi kama mama. Aweza kumbeba ili mama alale saa mbili. Aweza kutengeneza baiskeli mapema, kabla ya saa ya hatari. Na jirani asiye na mgonjwa aweza kuchota maji na kuwapikia watoto wengine wa nyumba ile.

Kuna neno moja zaidi, nalo ni zito. Ugonjwa ukikawia, wengine huanza kuuliza: "Nani amemloga?" Na kidole huelekezwa kwa nkambo mzee, au kwa mtoto yatima anayelelewa nyumbani. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, inayomlinda mtoto, yamwadhibu anayemshtaki mtoto kuwa mchawi. Lakini hata pasipo sheria, Mkristu ajiulize: Nitamponyaje mtoto mmoja kwa kumharibu mwingine? Nguvu zinazotumika kumtafuta mlozi zimeondolewa kwa mgonjwa. Anayelaumu hawezi kukesha, kwa maana macho yake yako mlangoni pa jirani.

Na mtoto akifa je, ijapo tumefanya yote? Hili lapasa kusemwa, kwa kuwa nyumba nyingi katika parokia zetu zimelijua. Je, usiku ule wote ulipotea? Twajibu: hapana. Thamani ya pendo haipimwi kwa matokeo yake tu. Mtoto yule hakuwa na neno la kushukuru wala mali ya kulipa. Alipewa mkono wa kumshika, akaupokea. Mama asiambiwe matangani: "Ungefanya hivi, ungefanya vile." Afadhali sisi wengine tujiulize kama tulikesha pamoja naye. Maana mtoto anapokufa kwa njaa na homa pamoja, si mama mmoja anayeulizwa. Parokia nzima yaulizwa.

Tukumbuke binti wa Jairo katika Injili. Bwana wetu alimwamsha kutoka mautini, jambo asiloliweza mtu yeyote. Kisha akaagiza apewe chakula. Uhai aliurudisha mwenyewe. Kulisha aliwaachia watu wa nyumbani. Basi yaliyo ya Mungu tumwombe Mungu, na yaliyo yetu tuyafanye kwa mikono yetu: kijiko cha maji, dakika ya kuhesabu, baiskeli iliyo tayari. Bikira Maria, ambaye Kanisa lamwita Afya ya Wagonjwa, naye aliwahi kumpakata mtoto usiku. Akae pamoja na wote watakaokesha usiku huu.