Twaa Kitawi, Ukipande

Ndugu zangu wa Lushoto na Njombe, wa Limuru na Kericho, na nyote mnaoamka na ukungu mlangoni mwezi wa Julai, nisikilizeni.

Somo letu ni Ezekieli, sura ya 17, mstari wa 22 hadi wa 24. Hapo Mungu hatafuti mbegu. Anakata kitawi kichanga kwenye kilele cha mwerezi, anakipanda Mwenyewe juu ya mlima mrefu, nacho kinakuwa mti mkubwa, makao ya ndege wa kila namna. Mmelisikia likihubiriwa kuhusu Masihi, na ni haki. Leo nataka tulisikie pia kwa mikono yetu.

Maana mikono yetu imezoea kukata! Kila Desemba tunashusha vilele vya misaiprasi, tunavivisha pamba na taa, na Januari tunavitupa jalalani. Mtarakwa tumeumaliza kwa nguzo za ua, kwa kuwa mchwa hawauwezi kwa urahisi. Nani kati yetu amerudisha ardhini hata kitawi kimoja? Tunalalamika kwamba miche ni ghali na kitalu kiko mbali, na huku mche wenyewe unaning'inia uani! Sisi tunaopanda muhogo kwa pingili, viazi vitamu kwa marando na chai kwa vipandikizi, imani yetu inaishia wapi tukifika kwenye saiprasi?

Tazameni basi jinsi somo linavyofundisha kazi yenyewe.

Kitawi kilikuwa kichanga. Miti ya jamii hii, yaani konifa kama mwerezi na saiprasi, ikizeeka, vitawi vyake huwa vigumu kutoa mizizi. Usiende kwa mti wa babu. Nenda kwa mti mchanga wenye afya. Chagua ncha iliyokua mwaka huu, yenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, ambayo shina lake limeanza kukomaa upande wa chini. Ichomoe kwa kuivuta chini, ije na kisigino kidogo cha gome. Na msindano usiusumbue: huo hukataa vipandikizi mno, uoteshe kwa mbegu.

Kitawi kilitoka kileleni. Msipite haraka hapa. Wenye arokaria mbele ya nyumba wanaijua ilivyosimama wima na matawi yake kama ngazi za duara. Ukipanda tawi lake la ubavuni, linaweza kushika mizizi, lakini halitasimama kamwe. Litaendelea kutambaa ubavu, kwa kuwa tawi hukumbuka mahali lilipotoka. Anayetaka arokaria iliyosimama achukue ncha ya juu kabisa. Mti mchanga uliokatwa ncha hiyo utachipua nyingine. Saiprasi haina ukali huo, lakini hata kwake chagua ncha zinazoelekea juu.

Kisha kitawi kilipandwa. Hakikuachwa kikauke juani. Kazi hii ifanye baada ya masika, wakati wa baridi, asubuhi na mapema. Vua majani ya nusu ya chini. Ukipata unga wa homoni ya mizizi kwenye duka la pembejeo, chovya. Usipoupata, panda vitawi vingi zaidi, kwa maana vitakavyokataa vitakuwa vingi. Tumia mchanga wa mtoni wenye chembe nene, uliooshwa, na mboji kidogo. Samadi usitie, itaozesha kidonda. Funika kwa nailoni au chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka kivulini, na udongo uwe na unyevu bila kutuama maji.

Sasa ndugu, hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kitawi hukaa kijani wiki nyingi bila mzizi hata mmoja. Kwanza kidonda huvimba na kufunga, kisha mizizi hutoka, na kazi hiyo huchukua miezi miwili, minne, hata sita. Ole wake anayekichomoa kila Jumamosi achungulie! Anakatilia mbali mizizi ile ile anayoitafuta. Mwagilia, subiri, na ukiona ncha mpya zinachipuka, hamisha kwa upole.

Msiseme ni jambo dogo. Huko Florence Court, Ireland ya Kaskazini, katika karne ya 18 palipatikana mti wa jamii hii ya konifa wenye matawi yanayopanda wima tofauti na wenzake. Mbegu zake kwa kawaida hurudia umbo la zamani, kwa hiyo watu walikata vitawi wakavipanda. Miti ya namna hiyo iliyosimama makanisani na makaburini duniani leo imetokana na mama huyo mmoja, naye bado yu hai.

Lakini sikieni na onyo. Vitawi vya mama mmoja ni mti mmoja katika miili mingi. Ugonjwa ukimweza mmoja, umewaweza wote. Vidukari wa saiprasi walionekana Malawi mwaka 1986, na kufikia 1990 walikuwa Kenya, wakikausha misaiprasi safu kwa safu. Kwa hiyo kateni kwa mama watano, kumi, kwa jirani na kwa jirani wa jirani. Kila jumuiya ndogondogo na ibadilishane vitawi jinsi inavyobadilishana mbegu za maharage.

Wito wangu ni huu. Kabla ya panga kugusa mti Desemba ijayo, kila nyumba iwe na kopo la vitawi kivulini. Mama mzee na mtoto wa darasa la tatu wanaiweza kazi hii. Haidai shamba wala mkopo. Aliyekata mmoja apande kumi. Mungu hakuona aibu kushika kitawi kwa mkono Wake. Nasi tusione aibu: inukeni, mkate kwa hekima, mpande kwa imani, mngoje kwa saburi. Amina.