Waifai ya bure inalipiwa na nani?

Mtu akitoka Itaka, akavuka mpaka pale Tunduma kuingia Zambia, mtandao wa nyumbani humsindikiza kidogo hapo Nakonde, kisha humwacha. Laini mpya inataka pasipoti na kwacha. Ndiyo maana akishuka kwenye basi, kabla hata ya kuuliza choo, anauliza: "Kuna waifai ya bure hapa?"

Swali halina ubaya, ila ni nusu tu. Nusu ya pili ni: nani anailipia?

Huku Mbozi mpita njia akiomba maji anapewa, wala haulizwi jina. Lakini ndoo anaiona, na aliyeibeba kichwani anamwona. Kwa hiyo anakunywa kikombe kimoja, anashukuru, anaondoka. Hajazi dumu. Kwenye waifai, aliyebeba ndoo haonekani, na hapo ndipo adabu inapoanza kupotea.

Mwenye mgahawa mdogo anayekutajia pasiwedi mara nyingi anakugawia bando la simu yake mwenyewe. Wewe umenunua chai moja, halafu unapakua filamu nzima. Hujaiba, maana umepewa. Ila umejaza dumu.

Kwenye hoteli kubwa na viwanja vya ndege mambo hugeuka. Pasiwedi hupewi mpaka ujaze jina, namba ya simu na barua pepe. Hapo si zawadi tena, ni biashara, na mbeba ndoo ni wewe. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa zako akueleze anazitaka za nini. Zambia nao wana sheria yao ya mwaka 2021. Sasa jiulize, ni lini umesoma yale maelezo kabla ya kubonyeza "nakubali"?

Kuna atakayesema shida haina adabu: mtu yuko ugenini, mama yake hajui kama amefika. Nakubali kabisa. Ujumbe wa "nimefika salama" haumalizi bando la mtu. Hicho ndicho kikombe, na mwenye kiu ana haki ya kukiomba. Ila mpira wa dakika 90 kwa bando la mama wa mgahawa, hilo ni dumu. Tununue bando letu.