Kukaza Nati ni Kushika Amana

Jiji la Eldoret, lililopata hati ya kuwa jiji Agosti 2024, linaishi kwa magurudumu. Malori ya mizigo kutoka bandari ya Mombasa hulipitia yakielekea Malaba na Uganda, matrekta ya wakulima wa ngano na mahindi huingia na kutoka, na matatu za Iten, Kapsabet na Kitale hazipumziki. Ndiyo maana fundi wa tairi siku hizi halazimiki kumngoja mteja kibandani. Akipigiwa simu, hupakia jeki, spana na kompresa ndogo, akalifuata gari liliko: uani Elgon View, penye maegesho ya ofisi, au kando ya barabara Maili Nne. Akimaliza hulipwa kwa M-Pesa, akaenda zake. Biashara imekwisha, je, wajibu nao umekwisha? Nashikilia kwamba haujaisha, kwa kuwa alichokabidhiwa fundi ni amana, na amana haifutwi na malipo.

Tazama kazi yenyewe. Tairi likishafungwa, mambo yake makubwa hufichika. Mwenye gari hawezi kujua kwa macho kama nati zilikazwa kwa mkingamo, moja kisha ile inayoikabili, ili gurudumu likae sawa, au zilikazwa kwa kuzungushwa mbiombio. Haoni kama tairi lenye pancha lilivuliwa, likakaguliwa na kutiwa kiraka kwa ndani, au tundu lilizibwa tu kwa nje. Umri wa tairi huandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: 1018 ni wiki ya 10 ya mwaka 2018. Lakini si wengi wanaozisoma, na mpira huzeeka hata kama meno yake bado ni marefu. Tena mteja wa nyumbani hasimami kutazama. Yuko mezani pake au kazini, maana utulivu huo ndio alioulipia. Plato aliwahi kuuliza kama mtu mwenye pete ya kumfanya asionekane angeendelea kutenda haki. Fundi anayefuata wateja huvaa pete hiyo kila siku, na kibanda ambako mteja angerudi kulalamika hakipo.

Watu wataniambia kwamba soko linatosha kumrekebisha: namba yake ya simu inajulikana, na njia ya mwongo ni fupi. Methali ni ya kweli pale uongo unapoweza kuonekana. Lakini tairi lililofungwa Jumatatu likipasuka wiki tatu baadaye kwenye mteremko wa Tambach kuelekea Bonde la Kerio, nani atathibitisha kosa lilikuwa la nati, la uzee wa mpira, la uzito wa mzigo au la shimo barabarani? Sifa humwadhibu fundi mchafu na mchelewaji. Aliyeficha kasoro huweza kusifiwa miaka mingi, kwa sababu ni mwepesi na bei yake ni nafuu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mteja mwenyewe ndiye aliyetaka tairi kuukuu, kwa kukosa pesa za jipya. Fundi ana kosa gani akitii? Ana haki ya kutii katika yale yanayomhusu mteja peke yake. Hata hivyo, mwenye gari hawezi kumruhusu mtu kuhatarisha maisha yasiyo yake: ya abiria, ya mtoto anayevuka barabara Langas, ya mwendesha bodaboda anayekuja upande wa pili. Kumbukumbu la Torati humwamuru anayejenga nyumba azungushie dari ukuta mdogo, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Amri hiyo inamlinda mgeni ambaye hakuwapo nyumba ilipojengwa. Qurani nayo, katika Surat al-Mutaffifin, inawaonya wanaopunja vipimo, na upimaji wa upepo wa tairi ni kipimo pia. Dini zote mbili zinakubaliana kwamba haki ya asiyekuwapo haiuzwi na waliopo.

Basi, je, nimemtwisha maskini mzigo wa jiji zima? Ningekuwa nimefanya hivyo kama amana ingekuwa ya upande mmoja. Anayembana fundi kwa bei hadi aruke hatua ya kukagua ameshiriki katika kosa, hata kama hajagusa spana. Mlipe ujira wa kazi kamili, mwombe akuonyeshe tarakimu za ubavuni, na umwache akatae kufunga tairi lisilofaa bila kumpoteza mteja. Nawe fundi, ukitoka uani kwa mtu, kumbuka kwamba watakaolisafiria gurudumu hilo hawakukuona wala hawajui jina lako. Kaza nati kwa ajili yao.