Kipupwe Kinapotukusanya Jikoni

Mkazi wa Dar es Salaam akiona usiku wa Julai umeshuka hadi nyuzi 19, hutafuta shuka la pili na kusema kuna baridi. Huku Njombe nyuzi 19 ni mchana mzuri wa jua. Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa takriban nyuzi sita. Juni nayo jua limehamia kaskazini, mbali kabisa nasi, na upepo wa kusi unapanda milima hii ukiwa umebeba unyevu wa bahari. Ndiyo maana kuanzia Juni hadi Agosti tunaamka ndani ya ukungu ambao siku nyingine hauondoki hadi saa nne asubuhi, na manyunyu yasiyofaa kitu shambani lakini yanayozuia nguo kukauka kambani. Ukisogea Makete, ukapanda hadi uwanda wa Kitulo ulio kwenye karibu mita 2,600, alfajiri utakuta barafu nyembamba imetanda juu ya nyasi, na mwenye viazi bondeni anaweza kuamka akakuta majani yote yameungua kwa usiku mmoja.

Kila mwaka nawasikia walimu na wauguzi waliohamishiwa huku wakiuliza baridi hii inaisha lini. Nawaelewa. Wametoka Tanga, Mtwara, Kibaha. Wamekuja na nguo za huko, na nyumba walizopangishwa hazina hata pazia zito. Lakini huwa nawaambia kwamba mtu hawezi kukijua kipupwe cha Nyanda za Juu Kusini akiwa amejifungia chumbani peke yake chini ya blanketi. Kipupwe hukaa jikoni. Aombe kualikwa jikoni kwa watu.

Jiko ninalolisema si lile la ndani lenye sinki. Ni kile kibanda cha tofali nyuma ya nyumba kubwa, chenye mafiga matatu katikati, vigoda vimezunguka, na juu ya moto kichanja ambako mahindi ya mbegu yananing'inia yakila moshi ili wadudu wasiyaguse. Miezi mingine ya mwaka kila mtu katika familia ana mahali pake: mzee yuko barazani na redio, vijana wako uwanjani, wasichana kwa majirani, wadogo huko na huko hadi waitwe kula. Kipupwe kikiingia, saa kumi na mbili jioni wote wamekwisha kuingia kwenye kile kibanda, wamebanana, wamevaa mizula hadi kwenye nyusi, na hakuna anayekumbuka nani aliwaita.

Na hawakai bure. Mahindi ya nyanda hizi hupandwa Novemba na Desemba, na kwa sababu ya baridi hukawia sana shambani. Yanakauka vizuri Juni na Julai, mengine hata Agosti. Kwa hiyo msimu wa baridi ndio huohuo msimu wa magunia. Shule nazo hufungwa mwezi wa Juni, watoto wa bweni wanarudi, mikono yote iko nyumbani, na pembeni kuna lundo la mahindi linalosubiri kupukuchuliwa. Anayeijua kazi huanza kwa kung'oa mstari mmoja au miwili ya punje kwa ncha ya kijiti, akafungua njia, kisha anachukua gunzi lililokwisha kazi na kusugua nalo, punje zinaporomoka kwenye turubai. Watoto hupewa yale yaliyofunguliwa njia, kwa kuwa vidole vyao bado ni laini. Magunzi hayatupwi nje. Yanaingia motoni, yanawaka haraka kwa mwali mkali wa njano, na kadiri mnavyopukuchua ndivyo jiko linavyozidi kupata joto. Sijui kazi nyingine inayomlipa mtu papo hapo namna hiyo.

Mle ndani ndimo nilimojifunza karibu kila kitu ninachokithamini kuhusu kuishi na watu. Marehemu baba alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kila usiku wa kipupwe alikuwa na kazi ambayo hakumwachia mtu: kuchoma viazi kwenye majivu. Alivifukia, akavigeuza kwa kijiti, akavitoa kimoja kimoja, akavipangusa kwa kiganja kilichozoea moto, akagawa. Alianza na mtoto mdogo kuliko wote. Akapanda hivyo hivyo hadi kwa mkubwa, kisha mama, mwisho yeye, hata kama kilichobaki kilikuwa kimeungua upande mmoja. Kaka yangu mkubwa, ambaye miaka hiyo alingoja hadi mate yakamkauka, sasa ana wajukuu. Nimemwona akigawa viazi. Anaanza na mdogo kuliko wote.

Halafu kuna vitendawili. Wengi wenu mnaukumbuka utaratibu: mmoja anasema kitendawili, wengine wanaitikia tega, na wakishindwa kujibu wanatoa mji. Pale kwetu kupewa mji halikuwa jambo la kupita haraka. Mama yangu, ambaye hajawahi kufika mbali zaidi ya Iringa, amepewa Mwanza, Mombasa na Zanzibar mara zisizo na hesabu, na kila mji ameurudisha na habari zake. Mwanza amekula sato hadi akashindwa kuinuka. Zanzibar amepotea vichochoroni, akaonyeshwa njia na mzee muuza kahawa. Habari hizo alizikusanya redioni na kwa abiria waliosimama stendi, na akazitunza mwaka mzima kwa ajili ya miezi hii mitatu. Leo wajukuu wanampa Tokyo na London ili wamkamate. Hajakamatwa.

Mama pia hufuma. Sweta la mtoto likimbana, hulifumua lote, akauosha uzi, akaukausha juu ya kichanja, akaanza upya kwa ajili ya anayefuata. Kuna uzi wa kijani niliouvaa mimi nikiwa darasa la pili. Nimeuona baadaye kwenye mgongo wa mdogo wangu, kisha kwenye kofia ya mtoto wa shangazi, na sasa umekuwa mikono ya sweta la mjukuu, umechanganywa na mwekundu. Belo la mitumba linalofunguliwa sokoni lina masweta mazuri na ya bei nafuu, na tunayanunua. Lakini watoto wakiulizwa wavae lipi wakati wa kwenda jikoni, wanachukua lile la bibi.

Jambo moja nataka kulieleza kwa utulivu, kwa sababu naamini ndilo kiini cha yote haya. Mwaka mmoja kijana wetu alirudi likizo kutoka kidato cha pili na matokeo yaliyoshuka vibaya. Tulimkalisha sebuleni, mimi na mwenzangu, tukamuuliza kwa upole kuna nini. Akajibu kwamba hajui. Siku kadhaa baadaye, jikoni kwa bibi yake, kichwa kimeinama, hindi mkononi, akasema kama vile anaongea na lile hindi: "Bibi, mimi ubaoni sioni. Kuanzia mstari wa tatu naona ukungu tu." Alikuwa anaona haya kuomba akae mbele, kwa kuwa ni mrefu na viti vya mbele ni vya wafupi. Mama hakuacha kupukuchua. "Basi utapelekwa ukapimwe macho," akasema, akavuta hindi jingine. Hakuna mwingine aliyesema neno. Dada yake, ambaye kwa kawaida humtania kwa kila jambo, alitia magunzi motoni na kuendelea na kazi. Wiki ile ile kijana alipimwa, akapata miwani.

Nimeliwaza sana tukio hilo. Sebuleni tulikuwa tumemtazama usoni, watu wazima wawili, na kila mtu alikuwa anangoja ukimya wake uvunjike. Jikoni kila jicho lilikuwa motoni au kwenye mahindi. Mtu akinyamaza kwa robo saa hakuna anayeshangaa, maana kazi inaendelea, na akizungumza hakuna anayegeuka kumkodolea macho. Neno linapata nafasi ya kutoka lenyewe, kwa wakati wake. Nimemsikia mjomba akikiri deni katika mazingira hayo. Nimemsikia dada yangu akitaja kwa mara ya kwanza jina la kijana aliyekuja kumwoa. Siamini kwamba mambo hayo yangesemwa mahali pengine, na kama yangesemwa, yangekuwa yamechelewa.

Sitaki mtu anielewe vibaya kuhusu kuni. Macho ya mama yangu yamekuwa mekundu miaka mingi na kikohozi chake kinatutia hofu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa nishati chafu majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na wengi wa wanaouvuta ni wanawake na watoto wadogo wanaokaa nao karibu. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, nami nauunga mkono kwa moyo wote. Nyumbani kwangu tunapikia gesi. Na kwa mama tumejenga upya lile jiko: moto sasa uko ukutani, una bomba la kutolea moshi hadi juu ya bati, na madirisha mawili yanayotazamana. Ukiingia sasa hutoki ukifikicha macho.

Na hapo hapo niseme la jiko la mkaa, maana kila kipupwe tunasikia msiba. Usiliingize chumbani mnakolala, hata kama mkaa unaonekana umekwisha kuwa jivu. Mkaa unaoungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Aliyelala haamki. Ongeza blanketi, mlale wawili wawili, chemsha maji mtie kwenye chupa na kuiweka miguuni. Mkaa ubaki nje.

Wasiwasi wangu, basi, si kwamba mafiga yanaondoka. Yaondoke. Wasiwasi wangu ni kwamba jiko la gesi halikusanyi watu. Linapika ugali haraka, linazimwa, na chumba kinapoa. Na nyumba nyingi mpya zinazochipuka kando ya barabara zetu zimechorwa kwa ajili ya joto la Pwani: madirisha mapana, dari ya juu, sakafu ya vigae inayouma nyayo alfajiri, na jiko dogo la kusimama mtu mmoja. Mchoraji hana kosa, amechora alichozoea. Lakini ikifika saa moja jioni Julai, familia katika nyumba hiyo haina mahali penye joto pa kukaa pamoja, kwa hiyo kila mmoja anabeba sahani na simu yake hadi kitandani. Wanapendana vilevile. Wanakosa tu mahali pa kupendania. Nyumba za zamani za mashamba ya chai huku zina sehemu ya moto ukutani na dohani juu ya paa, maana waliozijenga walikubali kwamba hapa kuna baridi. Sisi wenyeji tunajenga kana kwamba tunaona haya kulikubali.

Wapo wanaosema mashine ya kupukuchua imemaliza habari yote hiyo. Kweli, inamaliza gunia kabla maji ya chai hayajachemka, na mkulima wa magunia mia hana budi kuitumia. Sisi hupeleka mengi mashine na kubakiza magunia machache ya mikono. Jirani aliniuliza faida yake ni nini. Nilimkaribisha jioni ile ile. Akaja na wanawe, akala kiazi cha majivuni, akanywa chai ya Luponde iliyotiwa maziwa na tangawizi ya Madaba, akatoa Dodoma kwa kushindwa kitendawili cha mtoto wa darasa la kwanza. Walirudi tena, bila kualikwa.

Mwaka huu mpwa wangu anajenga, upande wa barabara ya kwenda Makambako. Ramani aliyoinunua ilikuwa na sebule kubwa na jiko la mita mbili kwa mbili na nusu. Tulikaa naye na fundi juu ya lundo la tofali, mizula kichwani, tukausogeza ukuta. Sebule ikapungua, jiko likawa mita nne kwa tano: gesi upande wa dirishani, sehemu ya moto upande wa pili yenye bomba lake, na katikati patupu. Fundi, mtu mwema na makini, aliuliza mara mbili makochi yatakaa wapi. Mpwa wangu akamjibu kwamba makochi yatasubiri, akamwomba namba ya seremala. Msingi umeanza kuchimbwa na vigoda vimeshaagizwa, kumi, ingawa kwa sasa katika nyumba ile watakuwa yeye, mumewe na mtoto mmoja anayejifunza kutembea.